Mafunzo kwa Mama, Mzigo kwa Nani?

Amfundishaye mama namna ya kulea mtoto amemtendea jema. Hapana awezaye kulikana. Lakini nyuma ya jema hilo lipo swali: je, ni haki kumfundisha mtu wajibu, na kumnyima nafasi ya kuutimiza?

Tutazame Iringa. Mwaka 1983 Serikali, ikisaidiwa na UNICEF na Shirika la Afya Duniani, ilianza huko mpango wa lishe katika vijiji 168. Watoto walipimwa uzito kijijini, na wazazi wakajadili sababu za afya yao kuwa dhaifu. Ikaonekana kwamba kosa si ujinga wa mama tu. Mara nyingi chakula kilikuwamo nyumbani, lakini mtoto alilishwa mara chache mno, kwa kuwa mama alikuwa shambani, au kisimani, au porini akitafuta kuni. Ndiyo maana mafunzo hayakuachwa peke yake. Vijiji vilianzisha pia mahali pa kutunzia watoto saa za kazi. Kufikia mwaka 1988 watoto wenye utapiamlo mkali walikuwa wamepungua kutoka asilimia 6 hivi hadi 2.

Hata hivyo, utafiti wa mwaka 2022 ulikuta kwamba zaidi ya nusu ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa. Wala hii si nchi ya njaa! Mazao ya Nyanda za Juu hujaza soko la Soweto, Mbeya, na masoko ya mbali pia.

Wahenga walisema, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Mama arudipo kutoka kliniki akijua mtoto ale mara ngapi, asipate wa kumpokea jembe wala ndoo, elimu ile humgeukia hukumu. Mtoto akikonda, majirani husema, "Alifundishwa, hakusikia." Kumbe alisikia. Asiyesikia ni baba, ambaye hakuitwa, au aliitwa akasema hayo ni mambo ya wanawake.

Je, tuache kufundisha? Hasha! Mama mwenye maarifa ni hazina ya nyumba. Ila neno "wazazi" ni la watu wawili. Basi yatangazwapo mafunzo, baba naye aketi darasani. Na arudipo nyumbani, asimwulize mkewe amejifunza nini, bali ajiulize ni mzigo gani atamtua leo.