Uvumilivu, na Deni la Mwenzako



Liko swali ambalo vijana wetu wa Misungwi huwauliza wazee wao. Wauliza hivi: Je, ni halali Mkristo kuingia katika chama cha wafanyakazi, na kudai pamoja na wenziwe usalama wa kazi? Au kudai huko ni manung'uniko tu? Wengine hujibu upesi, "Vumilia, mwanangu, Mungu aona." Neno hilo si baya. Walakini yatupasa kulipima kwanza, kabla ya kumpa mtu ashukaye shimoni.

Na tuitazame kazi yenyewe. Katika wilaya yetu wako watu wachimbao dhahabu, kama kule Ishokelahela. Shimo, ambalo wenyewe huliita duara, hushuka chini sana, na kuta zake huzuiliwa kwa miti iitwayo matimba. Mti ukioza, au ukipunguzwa ili kuokoa fedha, udongo huanguka. Wengi wa wachimbaji hawa hawana mkataba wala mshahara, hungojea mgawo wao wa mifuko ya mawe. Na kwenye mialo, mahali pa kusafishia dhahabu, wako akina mama washikao zebaki kwa mikono mitupu, nayo ni sumu iharibuyo mishipa ya fahamu. Wala tusidhani kwamba maafa ni habari za mbali. Mwaka 2015, huko Nyangalata upande wa Kahama, wachimbaji 6 walifukiwa. Watano walitolewa hai baada ya siku 41, na mwenzao mmoja alikuwa amekwisha kufa mle mle gizani.

Sasa tuseme yuko kijana aliyeuona mti umeoza. Ni mtu mpole, asiyependa ugomvi. Asema moyoni, "Nikinena nitafukuzwa, na aliye maskini kuliko mimi yu mlangoni, angojea nafasi yangu. Nitavumilia." Jioni apanda salama, amshukuru Mungu, aenda nyumbani. Usiku watu wa zamu nyingine washuka. Je, kijana huyu amevumilia nini? Hatari yake mwenyewe ilikwisha alipopanda juu. Iliyobaki ni hatari ya wenziwe, nao hawakumpa ruhusa kuipokea kwa ajili yao.

Hapo ndipo penye kiini cha neno letu. Mtu aweza kusamehe deni lake mwenyewe, na kufanya hivyo ni tendo jema. Lakini deni adaiwalo mtu mwingine kwa ajili ya jirani yake, hana mamlaka ya kulisamehe. Akilinyamazia, asiuite unyamavu huo uvumilivu, maana mzigo aliouchukua si wake, bali amemtwika mwenzake asiyejua.

Mnakumbuka ya kuwa Torati yamwagiza ajengaye nyumba mpya kuweka ukingo darini, asije mtu akaanguka, na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Angalieni, ukingo huo haungojei mtu wa kwanza kuanguka, wala haukuachwa kwa hisani ya mwenye nyumba. Ni deni lake kwa kila apandaye, hata asiyemjua jina. Basi matimba ndiyo ukingo wa shimo.

Lakini mtu mmoja akidai peke yake, huondolewa, na mti hubaki vilevile. Wazee wetu wa Usukuma walilijua jambo hili. Shamba lililomshinda mmoja lililimwa na kundi zima chini ya nsumba ntale wao, wala hapana aliyeliita kundi lile uasi. Chama cha wafanyakazi ni cha ukoo huo huo. Katika nchi yetu vyama viliungana mwaka 1955 katika Shirikisho la Wafanyakazi wa Tanganyika. Siku hizi sheria ya kazi ya mwaka 2004 yawapa wafanyakazi haki ya kuunda chama, na watu 20 watosha kukianzisha. Sheria ya mwaka 2003 yamtaka mwajiri kulinda usalama na afya mahali pa kazi. Na kwa sheria ya mwaka 2008, mwajiri ndiye achangiaye mfuko wa fidia ya walioumia, si mfanyakazi. Basi aingiaye chama havunji sheria, bali aomba itimizwe.

Je, chama hakiwezi kukosa? Chaweza. Kugoma kuna gharama yake. Mwaka 2007 wafanyakazi wa mgodi wa Bulyanhulu waligoma, na wengi wao wakapoteza kazi. Kwa hiyo mgomo na uwe neno la mwisho, baada ya mazungumzo na usuluhishi. Tena chama kipokeacho ada za wenye mikataba na kumsahau kibarua asiye na karatasi, nacho chasamehe deni lisilo lake. Kadhalika mchimbaji ang'oaye mti wa kuni, au ashukaye amelewa, asimlaumu mwenye shimo peke yake.

Nanyi walimu wa dini, mtu akija kwenu na habari ya mti uliooza, msimwambie upesi avumilie. Mwulizeni kwanza, "Hatari hii ni ya nani?" Ikiwa ni yake peke yake, na aamue mwenyewe, huku akiwakumbuka mkewe na watoto wake. Lakini ikiwa ni ya wenziwe pia, msimwache aende peke yake kusema. Fuataneni naye, maana shahidi mmoja hufukuzwa kwa urahisi, bali wengi hawana budi kusikiwa.