Punda afe mzigo ufike?

Ndugu msomaji, leo napenda tulitazame suala ambalo wengi wataliona dogo, lakini ndani yake mna mizani ya tabia ya mja. Swali lenyewe ni hili: Je, ni jambo jema kwa mtu mzima mwenye akili timamu kumfuga mnyama wa kupanda kwa sababu tu anafurahi kumpanda? Sisemi mnyama wa kubeba magunia wala wa kuvuta mkokoteni. Nasema mnyama unayempanda asubuhi baada ya swala ya Alfajiri, ukaenda naye hadi mtoni ukarudi, basi.

Huku kwetu Biharamulo na Ngara swali hili huulizwa kwa kicheko, maana pikipiki zipo na baiskeli zipo. Mimi nina punda, na nimekaa naye miaka 11. Alinunuliwa upande wa Kahama, akaletwa kwa miguu. Tangu hapo majirani wameniuliza mara nyingi: Mwalimu, huyu anakuingizia nini? Jibu langu siku zote ni moja, kwamba haniingizii kitu, ila namfurahia.

Pengine msomaji atauliza kwa nini isiwe farasi, mnyama mwenye heshima yake. Jibu liko porini. Msitu wa Biharamulo na mapori yaliyoungana nao, ambayo sehemu yake kubwa tangu mwaka 2019 ni Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, ni makazi ya mbung'o. Mbung'o hueneza nagana, na farasi akiipata ni nadra kupona bila dawa. Tena upo ugonjwa wa farasi wa Afrika, unaoletwa na visubi wakati wa mvua, ambao huua farasi walio wengi miongoni mwa wanaougua, ilhali punda wa Afrika ni nadra kuonesha hata dalili. Ndiyo maana farasi katika historia yetu alikuwa mnyama wa ikulu za pwani. Sayyid Said wa Zanzibar alipopeleka jahazi lake la Sultanah hadi New York mwaka 1840, miongoni mwa zawadi za Rais wa Marekani walikuwamo farasi wawili wa Kiarabu. Sisi wa bara Mola alituchagulia punda.

Sasa wapo wanaomdharau punda kwa hoja ya dini. Watakwambia Qur'an katika Surat Luqman imeitaja sauti yake kuwa ndiyo mbaya kuliko sauti zote, na kwamba tumefundishwa kujikinga kwa Allah tumsikiapo akilia. Yote hayo ni kweli. Lakini mwenye kusoma aya moja asiifunge Msahafu kabla ya kusoma nyingine. Katika Surat An-Nahl, aya ya 8, Allah (s.w.) anawataja farasi, baghala na punda pamoja, na anataja makusudio mawili ya kuumbwa kwao: tuwapande, na wawe pambo. Punda hakuachwa nje ya pambo. Na aya ya 6 ya sura hiyo hiyo inataja uzuri tunaouona katika wanyama tunapowarudisha jioni na tunapowapeleka malishoni asubuhi. Kama Muumba mwenyewe ameuhesabu uzuri huo kuwa ni neema, ni nani mwenye haki ya kusema kuufurahia ni upuuzi?

Lipo jambo jingine linalonishangaza zaidi. Katika hadithi mashuhuri iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) aliwagawa wenye farasi mafungu matatu. Yupo ambaye farasi wake ni thawabu, hata majani anayokula na hatua anazopiga huandikiwa mwenyewe. Yupo ambaye farasi wake ni sitara, kwa kuwa humtosheleza asiombe watu, naye haisahau haki ya Allah katika shingo na migongo yao. Na yupo ambaye farasi wake ni mzigo wa dhambi, kwa kuwa amemfuga kwa kujionesha na kujifakharisha. Kisha Maswahaba wakauliza: Na punda je? Mtume (s.a.w.) akawajibu kuwa hakuteremshiwa juu yao chochote mahsusi isipokuwa ile aya inayokusanya kila kitu, ya kuwa atendaye wema wa uzito wa chembe atauona, na atendaye uovu wa uzito wa chembe atauona.

Tafakari, ndugu yangu. Mwenye punda hakupewa daraja maalumu. Amepewa chembe. Kila konzi ya pumba ni chembe, kila fimbo isiyo na sababu ni chembe, na kila ndoo ya maji aliyocheleweshewa ni chembe. Hesabu yake ni nzito kuliko ya farasi, kwa sababu hakuna anayemwangalia.

Ama furaha yenyewe ni hii. Unapokuwa juu ya punda huendeshi, mnakwenda wawili. Masikio yake hukupa habari kabla ya macho yako, yakielekea kushoto ujue kuna kitu kushoto. Wanaomwita mkaidi hawamjui. Farasi akiogopa hukimbia, punda akiogopa husimama akapima. Punda wangu alisimama mbele ya kivuko cha magogo akakataa kabisa kusonga, nami nikashuka na kukuta gogo la katikati limeoza chini. Tangu siku hiyo akisimama nashuka kwanza, kisha ndipo nauliza. Pikipiki haijawahi kunifundisha adabu hiyo.

Tena nina mwili mwepesi, na bado kila tufikapo mlimani nashuka, tukapanda kwa miguu sote wawili. Watoto hucheka, lakini mimi naona hapo ndipo utamu ulipo. Mwenye kumpenda mnyama hupenda pia kumpunguzia uzito.

Wapo watakaosema: Mwalimu, wilaya zetu ni za watu wa dhiki. Mwishoni mwa Aprili 1994 watu wapatao robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa kama siku moja, wamebeba walichoweza kichwani. Je, si aibu kuzungumzia starehe ya kupanda punda mahali kama hapa? Hoja hii naiheshimu. Lakini nasema starehe inayostahili kulaumiwa ni ile inayomnyima jirani haki yake, au inayokuchelewesha na swala, au inayokutia kiburi. Mnyama anayekula majani ya kandokando ya njia hajamnyima mtu kitu. Bali ugumu wa moyo ndio unaomnyima maskini, na sijaona mtu aliyezoea kumhurumia asiyeweza kusema akawa mkavu kwa anayeweza.

Tatizo letu lipo katika methali mbili tunazozipenda mno. Moja yasema punda afe mzigo ufike. Nyingine yasema asante ya punda ni mateke. Ya kwanza tunaitumia kumsifu mchapakazi, lakini isikilize vizuri: inamtaka aliyebeba afe ili aliyepakia afurahi. Ya pili ni hukumu iliyotolewa bila kumsikiliza mshitakiwa. Punda hakuomba mzigo, hakuandikiana na mtu mkataba, na wengi wao migongo ina vidonda. Anadaiwa asante ya nini?

Suala hili si la maneno matupu. Biashara ya ngozi za punda, zinazochemshwa kutengenezwa dawa ya Kichina, iliingia Afrika kwa kishindo, na nchini mwetu machinjio yalifunguliwa Dodoma na Shinyanga. Hatimaye Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika waliafiki kupiga marufuku uchinjaji wa punda kwa ajili ya ngozi. Lakini miaka michache kabla ya hapo dalali mmoja alifika kwangu. Punda wangu alikuwa ameanza kuzeeka, na bei aliyotaja ilikuwa nzuri. Mama watoto akaniuliza swali la haki: Ada ya mtoto tutaipata wapi? Tukauza mbuzi wawili.

Hapo jirani akanibana kwa hoja nzito. Akasema: Mbuzi ana roho na punda ana roho, mbona mmoja umempeleka kwenye kisu na mwingine umembakisha? Nilikaa na swali hilo siku nyingi. Jibu nililolipata ni hili. Mbuzi nilimfuga kwa ahadi ya kumlisha vizuri na kumchinja kwa ihsani, na Sharia imenihalalishia nyama yake. Nyama ya punda wa kufugwa Mtume (s.a.w.) aliiharamisha siku ya Khaybar, mwaka wa 7 Hijria. Yeye nilimchukua kwa ajili ya mgongo wake, na mgongo huo umekwisha kulipa. Kumuuza ngozi siku alipochoka ni kuvunja ahadi ambayo yeye aliitimiza upande wake.

Imepokewa na Muslim kuwa mwanamke mmoja wa Kiansari aliyetekwa alitoroka juu ya ngamia wa Mtume (s.a.w.) aitwaye Adhbaa, akaweka nadhiri kuwa akiokoka atamchinja. Mtume (s.a.w.) alipoambiwa alistaajabu, akasema hayo ni malipo mabaya kwa mnyama huyo, na akabainisha kuwa hakuna nadhiri katika asichokimiliki mtu. Mafakihi hujadili hukumu ya nadhiri. Mimi nasimama kwenye neno la kwanza, malipo mabaya. Kumbe mnyama naye ana deni juu yetu.

Basi nasema hivi: furaha ya kumiliki mnyama wa kupanda ni halali, na ni njema, lakini ina bei. Bei yake haimaliziki siku ya kununua. Inaanza siku anapoacha kukubeba. Lamu wanalifahamu hili. Huko wakati wa Maulidi vijana hushindana mbio za punda, mji mzima ukifurahi, na tangu mwaka 1987 ipo zahanati inayotibu punda bila malipo. Mbio na zahanati vinakwenda pamoja.

Wangu sasa simpandi tena. Asubuhi tunatembea naye hadi mtoni, mimi kwa miguu yangu na yeye kwa yake. Jirani bado anauliza ananiingizia nini, nami hesabu hiyo nimemwachia Mwenye kuhesabu chembe.

Wallahu a'lam.