Mshenga Naye Ataulizwa



Sisi tunaokaa Kilosa na Mikumi twaijua vema njia panda ya Mikumi. Atokaye Dar es Salaam kwenda Iringa hupita moja kwa moja. Aendaye Kidatu na Ifakara hukata kushoto. Kwa miaka mingi njia hiyo imepitisha miwa, mpunga na wasafiri, na pia imepitisha madaktari watafiti. Maana huko Ifakara kuna kituo cha utafiti wa magonjwa kilichoanzishwa na Waswisi katika miaka ya 1950, ambacho siku hizi chaitwa Taasisi ya Afya Ifakara. Mimi ni mwalimu mstaafu, sina elimu ya dawa. Lakini liko swali moja la haki lililonikaa moyoni muda mrefu, nami napenda tulitafakari pamoja: Yule anayemkutanisha mwenye dawa mpya na watu watakaoijaribu, ana wajibu gani?

Kwanza tuelewe jambo lenyewe. Dawa au chanjo mpya haiwezi kugawiwa kwa watu wote kabla ya kujaribiwa kwa watu wachache, hatua kwa hatua. Anayelianzisha na kulisimamia jaribio huitwa mdhamini, naye aweza kuwa kampuni, chuo kikuu au shirika. Mdhamini huyu hutafuta mahali penye ugonjwa wenyewe, penye wagonjwa wa kutosha, maabara, majokofu yasiyozimika, wauguzi waliofundishwa, na daftari za kuaminika za nani amezaliwa na nani amekufa. Mara nyingi mdhamini yuko Ulaya au Marekani, na mahali anapopatafuta pako kwetu. Hawajuani. Hivyo huwapo watu wa katikati. Wengine ni wataalamu wanaozungukia vituo na kuandika kipi kinafaa. Wengine ni watu wadogo tu: mganga wa zahanati, mwenyekiti wa kijiji, mwalimu.

Sisi Waswahili tunalo jina la mtu wa namna hiyo. Ni mshenga.

Wako wasemao kwamba mtu wa katikati hana lawama, maana mjumbe hauawi. Mimi nasema mjumbe na mshenga si kitu kimoja. Mjumbe huchukua maneno tu, akayafikisha, akaenda zake. Mshenga hukaa kwenye mkeka wa wazee na kusema, “Nyumba hii naijua.” Watu humpa binti kwa sababu ya uso wa mshenga, kabla hata hawajamjua bwana harusi. Ndoa ikiharibika, wazee humwita mshenga, naye hana ruhusa kusema kwamba alileta maneno tu.

Nami nimewahi kuwa mshenga wa jinsi hiyo. Miaka mingi iliyopita, nikiwa mwalimu mkuu wa shule ya msingi, walikuja wageni kwa gari wakiwa na barua. Walitaka kupima damu na choo za wanafunzi kwa ajili ya utafiti. Niliona fahari kwamba shule yetu imechaguliwa. Tuliwapikia kuku, wakala. Nikawaita wazazi chini ya mwembe, nikawaambia kwamba hawa ni watu wema na watoto watapimwa afya zao. Wageni sikuwauliza lolote: damu inakwenda wapi, kwa ajili gani, na majibu yatarudi lini. Wazazi nao hawakuuliza, kwa kuwa mwalimu amekwisha kusema. Baada ya majuma mawili gari likaondoka, lisirudi tena. Nilipeleka barua, sikujibiwa. Miezi kadhaa baadaye mama mmoja alinikuta sokoni, akanisalimu kwa heshima, kisha akauliza, “Mwalimu, ile damu ya mwanangu ilisemaje?” Sikuwa na jibu. Mama yule hakuwakabidhi wageni mtoto wake. Alinikabidhi mimi.

Tangu siku ile nimekuwa nikimkumbuka mtumishi wa Ibrahimu, katika kitabu cha Mwanzo sura ya 24, aliyetumwa kumtafutia Isaka mke. Huyo ndiye mshenga wa kuigwa. Alipoandaliwa chakula alikataa kula mpaka kwanza aeleze shauri lililomleta. Na jamaa walipokwisha kukubali, bado Rebeka mwenyewe aliitwa akaulizwa kama yuko tayari kwenda na mtu huyu. Kwangu mimi kuku aliliwa kwanza, na shauri halikuelezwa kamwe.

Basi mshenga wa majaribio ya dawa aeleze nini? Aeleze ukweli, hata ule usiopendeza. Mwaka 1993 katika kijiji cha Idete, huko Kilombero, watoto 586 wa umri wa mwaka 1 hadi 5 walishiriki jaribio la chanjo ya malaria iitwayo SPf66, iliyobuniwa na Dakta Manuel Patarroyo wa Kolombia. Wengine walipewa chanjo, wengine hawakupewa, ili walinganishwe. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 1994 yalionyesha kwamba malaria ilipungua kwa asilimia 31. Watu wengi walishangilia. Lakini ilipojaribiwa Gambia na Thailand haikuonekana kukinga, na mwishowe ikaachwa. Hapo hakuna aliyefanya kosa, maana jaribio ni swali, na swali laweza kujibiwa “hapana”. Kwa hiyo mshenga anayemwambia mama, “Mwanao atapona,” amekwisha kusema uongo, hata kama nia yake ni njema.

Hali kadhalika aulize mapema habari za baadaye. Chanjo nyingine ya malaria, iitwayo RTS,S, ilifanyiwa jaribio kubwa kuanzia mwaka 2009 katika vituo 11 vya nchi 7 za Afrika, kwa watoto 15,459. Hapa Tanzania vituo vilikuwa Bagamoyo na Korogwe. Kwa watoto walioanza wakiwa na umri wa miezi 5 hadi 17, wakapata sindano zote nne, malaria ilipungua kwa asilimia 36. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likashauri itumike. Lakini ugawaji wa kwanza kwa watoto wengi ulikuwa umeanza mwaka 2019 katika Malawi, Ghana na Kenya. Watoto wa Bagamoyo na Korogwe walikuwa wamenyosha mikono kwa ajili ya wote, na nchi yao haikuwamo katika hizo tatu. Simlaumu mtu. Nasema tu kwamba swali la “Dawa ikifaa, sisi tutaipata lini?” laulizwa kabla ya sindano ya kwanza, naye wa kuliuliza ni mshenga, kwa sababu mzazi hajui kama laulizika.

Yuko atakayesema, “Basi tuwafukuze wote.” La, hasha. Malaria haiko London wala Basel. Tukikataa wote, dawa za magonjwa yetu zitajaribiwa wapi? Tena nchi yetu haikukaa bila ulinzi. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu iliundwa kwa sheria ya mwaka 1979, na jaribio la dawa lahitaji kibali cha maadili pamoja na ruhusa ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba. Lakini muhuri wa ofisini haukai chini ya mwembe na wazazi. Anayekaa nao ni mimi na wewe.

Kwa hiyo, ndugu yangu, siku gari likisimama mlangoni pako na wageni wakakuomba uwakusanyie watu, wapokee vizuri, maana mgeni ni baraka. Ila kabla ya chakula waambie waeleze shauri lao: wanatafuta nini, nani mdhamini, kibali kiko wapi, mtoto akidhurika nani atamtibu, na majibu yatarudi kwa njia gani. Kisha mzazi aulizwe mwenyewe, naye awe huru kusema hapana bila kununiwa. Wasipoeleza, usiwaitie watu. Gari litaondoka, nawe utabaki kijijini pamoja na yule mama, na sokoni mtakutana.