Sahani Hairudi Tupu

Mwaka wangu wa kwanza Kariakoo nilikuwa nakula nikiwa nimefunga mlango.

Nimepanga chumba kwenye nyumba ya Kiswahili, mojawapo ya zile chache zilizobaki katikati ya maghorofa: korido katikati, vyumba vitatu kila upande, uani nyuma penye bomba, choo na kamba za nguo. Ghorofa la jirani limetuzibia anga, kwa hiyo jua linaingia uani kwetu saa sita na kuondoka saa nane. Chumbani kwangu kuna kitanda, meza ya kusomea, na chini ya dirisha mtungi wa gesi wa kilo 6 wenye jiko lake juu. Kwa mtungi ule niliweza kukaanga mayai, kupasha wali na kuchemsha chai ya tangawizi bila kukanyaga uani na bila kumwambia mtu yeyote "karibu". Upenyo wa chini ya mlango nilikuwa nauziba kwa kipande cha kitenge ili harufu isitoke.

Ungeniuliza wakati ule ningekujibu kwamba huo si uchoyo, ni sitara. Katika nyumba yetu wapo wanaokula mara moja kwa siku, na kila mtu anajua ni nani ingawa hakuna anayesema. Kukaanga samaki mbele ya pua ya mtu ambaye hajabandika kitu tangu asubuhi ni ukatili. Mama yangu alitufundisha kufunika chakula hata tunapokipeleka nyumba ya tatu tu. Mimi nilikuwa nakifunika kwa mlango.

Kipupwe ndicho kilichonivuruga. Natoka Njombe, ambako Juni na Julai kuna asubuhi unaamka na kukuta sakitu kwenye nyasi, kwa hiyo nilicheka sana nilipoona watu wa Dar wamevaa masweta kwa ajili ya nyuzi 19. Kicheko kiliisha mwaka wa pili. Baridi ya kwetu imeandaliwa: kuna moto, kuna mablanketi mazito, kuna watu waliokaa kuyazunguka mafiga. Baridi ya Dar hakuna aliyeiandalia chochote. Kusi linavuma, sakafu ya saruji inatoa unyevu, unaoga maji ya bomba saa kumi na moja alfajiri ili uwahi mwendokasi wa Gerezani, unakwenda chuo, halafu unarudi usiku kwenye chumba ambacho jua halijakigusa. Nilijikuta natamani vitu vidogo kwa nguvu ya ajabu: ndoo ya maji ya moto, kahawa chungu na kashata pembeni ya Mtaa wa Sikukuu, kipande cha muhogo wa kuchoma kabla hakijapoa mkononi.

Muhula huohuo, kwenye semina ya maadili, tulikuwa tunasoma makala ya Peter Singer ya mwaka 1972 kuhusu njaa na wajibu wa wenye nacho, ile yenye mfano wa mtoto anayezama bwawani. Ukipita karibu na unaweza kumtoa kwa hasara ya kuchafua nguo tu, huna budi kumtoa. Na umbali, anasema Singer, haubadilishi kitu, awe hatua kumi kutoka ulipo au awe Bengali, ambako watu walikuwa wanakufa wakati yeye anaandika. Tulibishana kuhusu umbali kwa saa mbili. Mimi nilikuwa upande wa Singer, tena kwa sauti kubwa. Nikarudi nyumbani, nikaziba upenyo wa mlango, nikala.

Jirani yangu wa ukuta ni mzee fundi cherehani. Cherehani yake ya kukanyaga iko kibarazani, na miaka hii kazi zake nyingi ni kupunguza suruali za mitumba na kubadilisha zipu. Kazi zikikosekana hasemi. Jumamosi moja ya Julai nilitoka kuchota maji nikaona paka amelala ndani ya jiko lake la mkaa. Msemo huo nimeusikia tangu utotoni, kwamba kwa fulani paka analala jikoni. Paka mwenyewe sikuwahi kumwona. Majivu aliyoyalalia yalikuwa ya juzi au zaidi.

Siku hiyo nilikuwa na vibua. Kusi likivuma bahari huchafuka, wavuvi wengi hawatoki na samaki hupanda bei, kwa hiyo vibua vile vilikuwa anasa yangu ya mwezi, na nilikuwa nimevipika kwa tui zito. Nikapakua sahani ya wali na kibua kizima, nikafunika kwa sahani nyingine, nikapiga hodi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu."

"Nimekuletea chakula kidogo."

"Ahsante mwanangu, mimi nimeshakula."

Wote wawili tulijua. Kant aliandika mwaka 1797 kwamba hatuna ruhusa ya kusema uongo hata kwa muuaji aliyesimama mlangoni akimtafuta rafiki yetu. Sidhani kama aliwahi kusimama kwenye korido ya nyumba ya kupanga akiwa na sahani ya moto mkononi. Nikamwambia, "Basi utakula baadaye." Akapokea kwa mikono miwili. Nilirudi chumbani na joto ambalo chai ya tangawizi haijawahi kunipa.

Kilichofuata ni kimya cha siku tisa. Mzee aliyezoea kuniita kutoka kibarazani, "Profesa, umeamkaje?", sasa akisikia mlango wangu unafunguka anainamia sindano. Jioni anaingia ndani mapema. Nilidhani nimemuudhi, kisha nikadhani anaumwa, kisha, nakiri, nikaanza kukasirika: mtu unampa chakula, anakununia! Siku ya kumi akapiga hodi. Sahani yangu ilikuwa imesuguliwa mpaka maua yake yanang'aa, na ndani yake kulikuwa na ndimu nne na kashata mbili zilizofungwa kwenye gazeti.

"Samahani mwanangu, nimekuchelewesha chombo chako."

Mama mwenye nyumba ndiye aliyenifafanulia, huku anasukuma chapati na bila kuniangalia. "Sahani ya watu hairudi tupu. Wewe ulimpa mtihani."

Mila hiyo naijua. Kwetu pia ukiletewa bakuli la maharage unarudisha bakuli lenye viazi. Ila nilikuwa naijua kama adabu ya wenye kitu. Sikuwahi kuipigia hesabu kwa upande wa mtu ambaye, siku akipata elfu mbili ya zipu, lazima aamue kama ni ya unga au ni ya kurudishia sahani ya mwanafunzi wa jirani. Marcel Mauss, kwenye insha yake ya 1925 kuhusu zawadi, anaonyesha kwa mifano ya jamii nyingi kwamba zawadi huja na wajibu wa kuipokea na wajibu wa kuirudisha. Nilishaisoma, na kuipigia mistari. Lakini mtoto wa Singer akishatolewa bwawani harudishi sahani. Haishi upande wa pili wa ukuta wako, hakohoi ukamsikia, wala hulazimiki kumwamkia kila asubuhi. Darasani tulibishana kama umbali unapunguza wajibu. Hakuna aliyeuliza ukaribu unaufanya nini.

Nilijaribu ujanja. Nikampelekea suruali apunguze, ambayo haikuwa na haja ya kupunguzwa, nikiwa nimejiandaa kumlipa zaidi. Akaipima, akanitazama juu ya miwani, akanirudishia. "Hii imekutosha."

Njia ilipatikana kwa ulafi wangu mwenyewe. Nilitamani makande. Makande ndiyo chakula cha baridi, na mahindi yaliyokobolewa pamoja na maharage yanataka saa tatu, hata nne, motoni. Kwa mtungi wa kilo 6 hiyo ni hasara tupu, maana kuujaza ni zaidi ya shilingi 20,000. Jiko la umeme la presha lingefaa, lakini LUKU yetu ni moja kwa nyumba nzima na ugomvi wake tulionao unatosha. Ukabaki mkaa, na mkaa ni uani. (Najua. Serikali ina mkakati wa nishati safi ya kupikia wa 2024 hadi 2034, unaolenga asilimia 80 ya Watanzania, na nauunga mkono. Kifua cha mzee ni sababu moja. Sina jibu la hapa isipokuwa kwamba uani kwetu hakuna paa, na kwamba siku hiyo nilikuwa na njaa ya makande.)

Jiko kubwa la mkaa lilikuwa moja tu lisilo na kazi. Nikaenda kumwomba mzee aniazime. Paka akafukuzwa.

Nilibandika saa nane. Mzee akatoka na kigoda na suruali ya mteja aliyokuwa anaifumua, akakaa karibu na moto kwa sababu kibarazani upepo ulikuwa unampiga. Sikumkaribisha na hakuomba. Alikuwa anaota moto wa jiko lake mwenyewe. Baada ya nusu saa akafunua sufuria na kusema maharage yanataka maji. Baada ya saa moja alikuwa ndiye mpishi na mimi nimetumwa kumenya vitunguu. Mama mwenye nyumba akapita, akauliza, "Makande bila nazi?" Nikamweleza kwamba kwetu hatutii nazi. Akaniangalia kama mtu aliyesikia habari ya msiba, akaenda kuleta nazi mbili na mbuzi. Tulibishana, nikashindwa. Watoto wa chumba cha pili wakaleta vikombe na kukaa. Kila anayekuja mzee anaongeza kopo la maji, mpaka nikalalamika kwamba sasa tunapika uji. Akacheka na kuniuliza kama sijui kuwa Mtume alimwagiza Abu Dharr akipika mchuzi aongeze maji na awakumbuke majirani. Nikamwambia Mtume alisema mchuzi, hakusema makande. Akamimina kopo jingine.

Tulikula saa moja usiku, sinia moja, watu saba. Tui lilifaa, ingawa mama yangu nikimwambia atasema nimeharibika. Mzee alikula mpaka akakomba pembe ya sinia kwa kidole. Hakuna sahani iliyotoka kwangu kwenda kwake, kwa hiyo hakuna iliyotakiwa kurudi.

Nyerere, kwenye andiko lake la 1962 kuhusu ujamaa, anautumia ule msemo wa mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Siku zote niliusoma kama kitisho kwa wavivu. Uani siku ile niliusoma kama rehema kwa mgeni: jembe linamtoa kwenye deni. Mzee alikuwa na jiko, kopo la maji na ujuzi wa kujua maharage yameiva kwa harufu. Ukimpa mtu chakula unampa kitu cha kurudisha. Ukimwomba jiko, yeye ndiye wa kwanza kutoa.

Siku moja, tukiwa tunasubiri sufuria, nilimwuliza kwa kuzunguka kwa nini naye hufunga mlango jioni. Hakuzunguka. "Nikifunga mlango siwakimbii ninyi. Namkimbia atakayeniuliza nimepika nini." Basi kumbe kwa mwaka mzima tulikuwa tunafanyiana sitara ileile kila upande wa ukuta. Mimi najifungia asinione nikila, yeye anajifungia nisimwone asiyekula, na wote tunalala tukijiona waungwana.

Sitaki kuupamba uani. Uani kila mtu anajua mtungi wako umeisha lini na mgeni wako ametoka saa ngapi. Dada wa chumba cha tano hajawahi kuja kwenye makande yetu hata mara moja. Anarudi kutoka dukani Mtaa wa Kongo saa mbili usiku, anapika kwa gesi, anafunga mlango, na aliniambia waziwazi, "Mimi siku nzima nauza maneno, usiku sitaki maneno." Namwelewa. Jina lenyewe la Kariakoo limetokana na Carrier Corps, wapagazi wa jeshi la Waingereza wa Vita Kuu ya Kwanza. Hapa ni mahali pa watu waliokuja wakiwa wamebeba mizigo ya wengine, na mtu mwenye kustahili kuutua wa kwake nyuma ya mlango ni wengi. Hata mimi siku nyingine nakula peke yangu mayai mawili na chai, kitabu wazi mbele yangu, na raha yake sijaona sababu ya kuionea haya. Kitenge tu ndicho nilichokitoa mlangoni.

Leo ni Ijumaa. Mzee ameniuliza kibarazani kama nimeloweka mahindi na maharage ya kesho. Nimemwambia sijaloweka, na kwamba Jumatatu nawasilisha pendekezo langu la utafiti, labda wiki hii tusipike. Amekata uzi kwa meno, akanyoosha mkono bila kuniangalia.

"Lete, nitaloweka mimi."