Kicheko Mbele ya Wafu

Je, ni halali kumpa mtoto wa miaka kumi au kumi na miwili kitabu kinachomchekesha kwa habari za watu waliokufa? Wako wenzetu walimu wasemao la. Historia ni amana, na amana haichezewi. Fikira hiyo yastahili heshima, lakini yafaa pia tuipime kwa mfano.

Mwaka 2011 Jack Gantos wa Marekani alitoa riwaya ya watoto iitwayo Dead End in Norvelt, nayo ikapata nishani ya Newbery mwaka 2012. Norvelt ni mji mdogo wa kweli, jimboni Pennsylvania. Serikali iliuanzisha mwaka 1934, wakati wa dhiki kuu ya uchumi, ili wachimbaji wa makaa ya mawe waliokosa kazi wapate nyumba na kiwanja cha kulima. Jina lake limeungwa kwa vipande vya jina la Eleanor Roosevelt. Kisa chenyewe ni cha kiangazi cha 1962, ambapo wakazi wa kwanza wanafariki mmoja baada ya mwingine.

Mvulana wa kisa hicho, aliyepewa jina la mwandishi mwenyewe, ameadhibiwa asitoke nyumbani, na pua yake humwaga damu kila ashtukapo. Ameruhusiwa kwenda kwa bibi mmoja, Miss Volker, ambaye vidole vyake vimekakamaa kwa baridi yabisi, ili amwandikie tanzia za gazeti. Siku ya kwanza anamkuta ametia mikono katika nta ya moto, naye anadhani bibi anaipika! Nani asiyecheka hapo? Lakini bibi huyo huyo, aanzapo kusema tanzia, humtaja marehemu kwa kazi zake, kisha huyaunganisha maisha yake na tukio fulani la ulimwengu, hata mtu asiyejulikana akapata mahali pake katika historia.

Basi anayechekwa ni nani? Ni mvulana na pua yake, ni bibi na ukali wake. Umaskini wa marehemu hauchekwi. Sisi tunaoujua utani wa Tanzania hatuna sababu ya kushangaa. Mtani huja msibani, akamwigiza marehemu, akafanya vituko mbele ya wafiwa, wala hahesabiwi kuwa ametukana, kwa kuwa mtani huyo pia hushika kazi za mazishi. Mvulana naye ameshika kalamu.

Liko jambo moja linalotutia mashaka. Gantos ameingiza humo vifo vya sumu, mambo ya kubuni, katika mji ambao hakuubadili jina. Hapo hoja ya utani haitoshi, maana mtani anamjua marehemu anayemfanyia mzaha, na mwanafunzi wetu hajapata kufika Norvelt. Mwalimu na amweleze wazi, kabla ya ukurasa wa kwanza, lipi lilikuwapo na lipi limezuliwa, kicheko hakitapungua.