Hadithi za Mababu: Uongo au Mafundisho?



Waamini wengi wanauliza kama inafaa mkristo awasimulie watoto wake hadithi za asili. Wengine wamekwisha kuziacha. Wanasema ni uongo wa kipagani, tena Mtume Paulo alimwonya Timoteo juu ya hadithi za kizee.

Tutazame ile ya Waluba wa Katanga. Nkongolo Mwamba alikuwa mfalme mkali na mlevi, aliyekula mbele ya watu wote bila haya. Mbidi Kiluwe, mwindaji kutoka mashariki, alikuwa mtu wa adabu, akila kwa faragha. Alioa dada ya Nkongolo, akamzaa Kalala Ilunga. Nkongolo alipoona kijana anasifiwa kuliko yeye, alichimba shimo, akasimika mikuki ndani, akatandika mkeka juu, akamwalika mpwa wake aje kucheza. Ngoma yenyewe ikamwonya kijana. Kalala akakimbia, akarudi na jeshi, na Nkongolo akakatwa kichwa.

Wazee hawakuisimulia kwa ajili ya tarehe. Waliisimulia ili kila mtawala ajue kwamba nguvu bila adabu si ufalme. Na mpiga ngoma wa namna ile hakosi kazi hata leo! Yothamu naye, katika Waamuzi 9, alisimulia miti iliyotafuta mfalme ikapata mti wa miiba. Nani anauliza miti ile ilisema lugha gani? Paulo alikataza hadithi zinazochukua nafasi ya imani, na sisi hatumwabudu Kalala Ilunga.

Lakini habari za Papa Simon Kimbangu ni jambo lingine. Alianza kazi yake Nkamba tarehe 6 Aprili 1921. Mwaka uleule mahakama ya kijeshi ya Wabeleji ilimhukumu kufa, Mfalme Albert akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha, naye akafungwa hapa Lubumbashi, wakati ule Elisabethville, mpaka alipoaga dunia tarehe 12 Oktoba 1951. Wako wanaoongeza maajabu yasiyo na shahidi, wakidhani wanamtukuza. Mtoto akiyasikia atamweka Papa pamoja na Nkongolo, katika zamani zisizo na mwaka. Miaka 30 ya gereza inahitaji mapambo gani?

Basi, katika kila parokia wako wazee waliosikia habari hizo kwa wazazi wao. Waulizwe sasa, na jina la kila shahidi liandikwe pamoja na neno lake.