Nilimpa Kumi kwa Kumi
Vijana wenzangu, muhula uliopita kazi ya kikundi tulipangwa watano, tukaifanya wanne. Mhadhiri akatupa fomu za siri tupimane wenyewe kwa wenyewe. Yule wa tano nilimpa 10 kwa 10. Nikajiambia ni huruma, si tunaimba naye kwaya moja? Kumbe uoga tu! Hosteli nzima nilishamsema, isipokuwa mbele yake. Mathayo 18:15 inataka nianze naye, wawili peke yetu. Na kumwonya aliyekosa Kanisa linakuhesabu kati ya matendo ya huruma ya kiroho, wala si ukali.

Juzi nikamfuata. Akasema, “Sehemu yangu sikuielewa, nikaona aibu kuuliza. Mbona hukuniambia mapema?”

Fomu zilishakusanywa zamani.